Jumamosi Niliyomuua Kidevu

Katika kazi yetu hakuna barua ya kustaafu. Hakuna kikao cha kuagana, hakuna saa ya ukutani ya zawadi, wala bosi wa kusimama na kusema tutakukumbuka. Sauti ndiyo inayokuambia. Yangu iliniambia mwaka huu, katikati ya picha, pale nilipotakiwa kulia kama bibi harusi nikatoa mlio wa bawaba isiyotiwa mafuta. Watu walicheka. Nilimaliza picha ile, nikakunja waya wa maiki, nikamkabidhi binti anayefuata. Sasa ninyi vijana mnaotafsiri picha kwa kompyuta na kuzitawanya kwa flashi na simu mmenisumbua niwaandikie sisi tulifanyaje. Haya, nimekaa, naandika. Habari za malipo msiniulize, hazikuwa nyingi na hazina utamu.

Naitwa Mwanaidi, ingawa hapa Same mjini wengi wananijua kwa jina la Bi Maiki. Nilianza mlangoni, nikichana tiketi katika kibanda cha video cha Mzee Sefu, nyuma ya soko. Kibanda chenyewe kilikuwa mabati juu, mabati pembeni, na jua la Same mnalijua. Ndani palikuwa na mabenchi kumi na mawili, na televisheni moja ndani ya sanduku la mbao lenye kufuli. Kando ya televisheni kilikaa kiti cha Mzee Sefu. Yeye ndiye alikuwa mwenye kibanda na ndiye mtafsiri. Picha ikicheza, alishika maiki na kusema kwa Kiswahili kila kilichosemwa kwa Kihindi, papo hapo, kwa sauti zote: ya steringi aliye shujaa wa picha, ya adui, ya polisi, hata ya mbwa.

Wanawake ndio waliomshinda. Akitaka kuwa mama, alibana pua. Basi kila mama wa Kihindi aliyekuwa akifa kwa uchungu pale kibandani alikufa kwa sauti ya mtu mwenye mafua, na watu badala ya kulia walicheka. Siku moja mama mmoja alichukua muda mrefu sana kufa, na kicheko kikazidi. Mzee Sefu akageuka, akanitazama pale mlangoni, akasema kwenye maiki watu wote wakisikia, "Mwanaidi, njoo ufe wewe."

Nikaenda nikafa. Nilikufa vizuri, nalisema bila haya. Wanawake watatu walijifuta machozi kwa kanga, na mwendesha baiskeli mmoja wa mizigo akatoka nje akajifanya anaangalia upepo wa tairi. Tangu siku hiyo mlangoni akawekwa mtu mwingine.

Mzee Sefu alinifundisha vyombo kabla ya maneno. Deki ya kuchezea mikanda inasafishwa kichwa chake kwa spiriti na kipande cha kanga kuukuu, si kipya, kipya kinaacha nyuzi. Maiki inavalishwa soksi ya mtoto, la sivyo kila herufi P inapiga kama bunduki. Mkanda ukishuka mlimani kwenye baridi usiutie ndani ya deki mara moja, uache upate joto la Same kwanza. Na ukitafsiri, usitazame mdomo wa msemaji, tazama macho ya anayesikiliza. Hili la mwisho nililidharau. Lilinirudia baadaye.

Kihindi nilikuwa sijui hata neno. Mzee Sefu naye alijua machache, mengine akibuni, na mimi nikarithi ubunifu wake. Ndivyo nilivyofanya kosa ambalo mpaka leo sokoni wananitania nalo. Katika picha moja msichana anamfunga steringi uzi mwekundu mkononi, anampaka rangi kwenye paji la uso, anamlisha kitamu kidogo. Mimi, mtoto wa Kipare, nikaona wazi kabisa kwamba hiyo ni posa. Nikamfanya msichana aseme, "Kuanzia leo mimi ni mchumba wako." Watu wakapiga makofi. Baada ya saa nzima msichana yule yule anaolewa na bwana mwingine, na steringi ndiye anayemsindikiza kwenye gari huku akilia na kutabasamu. Kibanda kikachafuka. Ni mwanamume gani huyu anayemgawa mchumba wake na kucheza ngoma harusini? Nikasema kwenye maiki kwamba ameweka nadhiri. Wakauliza nadhiri gani. Nikaongeza sauti ya muziki.

Picha ilipoisha alinifuata mama mmoja mrefu, kanga kifuani, kikapu mkononi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba mwanangu, kisha akaniambia kwa upole kabisa kwamba nimemsingizia kijana wa watu. Yule msichana hakuwa mchumba, alisema, alikuwa dada yake. Nikamuuliza kama anajua Kihindi. Akasema hajui, lakini anamjua yule kijana. Picha zake ameona nyingi, na hajawahi kumwona akimtazama mchumba vile.

Huyo ndiye Mama Nakiete wa Suji. Kijana aliyekuwa akimtetea alikuwa steringi mashuhuri wa Kihindi, na jina lake halisi siliandiki. Sisi tulimwita Kidevu, kwa sababu ya kishimo kilichokuwa kwenye kidevu chake. Ukiandika kwa chaki ubaoni "LEO KIDEVU, SAA SITA MCHANA", huhitaji tangazo jingine. Watu walimpenda kwa ngumi zake. Mama Nakiete alimpenda kwa jambo jingine. Kwenye kila picha Kidevu alikuwa na mama, na kila alipotoka nyumbani aliinama akamgusa miguu, na popote alipopotea alirudi.

Kesho yake nilikwenda na aibu yangu dukani kwa Bi Shirini, mama wa Kihindi aliyeuza vitambaa karibu na stendi. Nikamweleza habari ya uzi. Alicheka mpaka akakaa juu ya jora la kitenge. Kisha akanieleza kwamba ule ni uzi wa dada kwa kaka yake, kwa hiyo Mama Nakiete alikuwa sahihi na mimi nilikuwa nimeozesha ndugu. Nilimwomba anifundishe. Akakubali kwa sharti moja: nije asubuhi kabla ya wateja na nimshikie vitambaa akikata. Nilishika vitambaa miaka miwili. Kihindi changu chote kina harufu ya kitenge kipya, na nakiamini kuliko vyeti vya watu.

Mama Nakiete alishuka kila Jumamosi. Gari la Suji lilishuka alfajiri na kupanda saa kumi jioni. Yeye alimaliza kuuza ndizi na maharage yake kabla ya adhuhuri, akaja kukaa benchi la mbele, upande wa kulia, kanga amejifunika mabegani. Picha za Kihindi ni ndefu, kwa hiyo Mzee Sefu aliianza ya Jumamosi saa sita kamili kwa ajili yake, ingawa hakulikiri hilo. Nyumbani kwake, niliambiwa, alibandika picha ya Kidevu iliyokatwa kwenye kalenda, ameivisha nailoni isiingie moshi. Mzee wa kanisa alipomtembelea akauliza yule ni nani. Mama Nakiete akamjibu kwamba ni kijana mwenye adabu kwa mama yake, na mzee wa kanisa akanywa chai yake akaondoka.

Yeye mwenyewe alikuwa na kijana, mmoja tu, Elinami. Alinisimulia siku moja tukisubiri gari. Elinami alikwenda Mererani kuchimba madini. Baba yake alipofariki, walimtumia habari, habari ikamfika, naye hakupanda mlimani kuzika. Mnaojua Upare mnajua hilo lina uzito gani. Matanga yalipoanuliwa, Mama Nakiete alisimama mbele ya ukoo akasema yeye hana mtoto wa kiume. Alinisimulia hayo huku akichambua maharage yaliyobaki, bila kupandisha sauti. Kisha akaniuliza Jumamosi ijayo Kidevu yupo au hayupo.

Sasa niwaeleze sheria ya kibanda, maana ninyi mmeikuta imekufa. Sheria ilikuwa moja: steringi hafi. Adui anakufa, rafiki wa steringi anakufa, mama anaweza kufa kama ni mapema, lakini steringi hafi. Wahindi wenyewe hawakuijua sheria hii na mara nyingine walimuua. Mzee Sefu hakuwaruhusu. Picha ikikaribia pale pabaya, alibonyeza kitufe, televisheni ikazimika, akasema umeme unasumbua. Halafu akafunga picha kwa mdomo: steringi akapelekwa hospitali, akapona, akaoa. Watu wakaenda nyumbani wameridhika na mabenchi yakabaki mazima. Nilimwona akimfufua Kidevu mara tatu kwa njia hiyo, na mara ya nne nilimfufua mimi mwenyewe.

Basi mwaka mmoja, siku ya Jumatano, alikuja kibandani mwanamume mwembamba, akakaa nyuma na kukohoa picha nzima. Watu wakimgeukia, anaomba radhi. Ilipoisha akanijia akaniuliza kama ni kweli mama mmoja wa Suji huja Jumamosi. Nilimtambua kabla hajasema jina, ana urefu ule ule wa mama yake. Alikuwa Elinami. Alifikia kwa rafiki yake karibu na stesheni. Daktari alikwisha mwambia kwamba mapafu yake yamejaa vumbi la mashimo na hayatarudi kuwa mazima. Alipanda Suji safari moja. Mama yake alimwona kutoka dirishani akaweka komeo. Elinami alikaa nje ya mlango mpaka jua likainama, majirani wakipita na kumwamkia kana kwamba ni mgeni, kisha akashuka.

Nilimuuliza kwa nini hakuja kumzika baba yake. Swali hilo halikunihusu, lakini niliuliza. Akasema siku hiyo shimoni waliambiwa jiwe liko karibu, akadhani atatoka kesho yake. Jiwe halikuonekana, na kesho yake aliona aibu, na aibu ikaongezeka kila wiki. Akaniomba nimsemee kwa mama yake. Nikamwambia kazi yangu ni kusema maneno ya watu wa kwenye televisheni, ya watu wa kweli sina ujuzi nayo.

Hata hivyo Jumamosi nilimsemea. Nilimpokea Mama Nakiete mlangoni, nikamwambia kwamba Elinami yuko hapa hapa mjini, anaumwa, na daktari amesema nini. Nilimweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akapanga kanga yake vizuri, akaniuliza, "Leo ni Kidevu?" Nikasema ni Kidevu. Akaingia, akakaa benchi la mbele. Nilimkasirikia siku ile, siwafichi. Nilitafsiri picha nzima kwa hasira, hata mashairi ya mapenzi.

Wiki mbili baadaye ukaja mkanda mpya wa Kidevu. Mimi na Mzee Sefu tuliukagua Ijumaa asubuhi, kama kawaida. Humo Kidevu ni mwana wa mama mshonaji, mjane. Anaingia katika genge la magendo, na mama anapogundua anamwambia asikanyage tena kizingiti chake. Anajuta, anawaacha wenzake, wenzake wanampiga risasi. Anajikokota mpaka nyumbani, anabisha. Mama ndani amesimama, mkono uko kwenye komeo. Anabisha tena. Mara ya tatu habishi, anakaa tu chini ameegemea mlango. Asubuhi mama anafungua, na Kidevu anaanguka ndani miguuni pake, amekwisha kufa.

Mzee Sefu akaweka alama. Pale anapokaa chini, bonyeza. Mama anafungua, wanakumbatiana, hospitali, harusi. Nikamwitikia ndiyo mzee. Na nilikuwa nakusudia hivyo. Hata hivyo mchana ule nilikwenda dukani kwa Bi Shirini kumuuliza maneno ya mama yule mbele ya maiti, kwa mazoea tu ya kutaka kujua. Ni maneno machache. Akanieleza, kisha akakata kitambaa cha mteja kombo.

Jumamosi kibanda kilijaa mpaka watu wakasimama ukutani. Mama Nakiete benchi la mbele. Elinami hakuwapo, na sikumwambia kitu. Nilikwenda vizuri saa tatu na zaidi, nikawa Kidevu, nikawa mama, nikawa genge zima. Kidevu akabisha mara ya kwanza. Nilikumbuka agizo la zamani la Mzee Sefu, nikaacha kumtazama anayebisha, nikamtazama anayesikiliza. Na aliyekuwa akisikiliza hakuwa yule wa kwenye televisheni, alikuwa Mama Nakiete. Kanga ameing'ata. Mkono wake wa kulia umeshika ukingo wa benchi hasa kama yule mwenzake alivyoshika komeo.

Akabisha mara ya pili. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Mara ya tatu akakaa chini, na Mzee Sefu akakohoa nyuma yangu, kunikumbusha. Niliogopa. Niliogopa kibanda, nikamwogopa Mzee Sefu aliyenipa kazi, na zaidi niliogopa kumnyang'anya mama yule kijana pekee aliyebaki akirudi nyumbani kila Jumamosi. Lakini nilimpenda sana kiasi cha kushindwa kumdanganya tena. Nikaondoa kidole.

Mlango ukafunguliwa. Kidevu akaanguka. Sikuongeza wala sikupunguza, nikasema maneno ya mama yule kama Bi Shirini alivyonipa: "Nilikuwa macho. Nilikuwa nimeshika komeo usiku kucha."

Mtu mmoja akauliza kwa sauti umeme leo vipi, mbona hausumbui. Baada ya hapo sikusikia tena maneno ya mtu mmoja mmoja. Waliruka, walitukana, walidai Kidevu aamke. Benchi la mbele likavunjika kwa kukanyagwa. Katikati ya zogo lile nilimwona Mama Nakiete amekwisha simama, akichukua kikapu, akipita mlangoni bila kunitazama. Saa tisa na nusu tu, na gari la Suji linaondoka saa kumi.

Mzee Sefu alinisimamisha kazi. Alisema nimeua biashara na nimeua steringi, akaanza na biashara. Nilikaa nyumbani Jumamosi mbili, ya tatu akaja mwenyewe, maana mama mmoja alikuwa amekufa kwa mafua tena na watu wamecheka. Nikarudi. Benchi la mbele lilikuwa limetengenezwa, lakini upande wa kulia ulikuwa hauna mtu. Jumamosi ile hakushuka, kama alivyokosa zile mbili, na wauza ndizi wenzake wakasema yuko kwake mlimani, mzima, hana safari. Nilijiambia nimemkosesha mtoto wa pili. Nalisema wazi kwa sababu ninyi vijana mnadhani mtu akizeeka kazini hana siku alizotamani kuacha.

Kwa ajili ya kazi yenu niseme hivi. Msimuue mtu asiyekufa kwenye picha ili watu washtuke. Na msimfufue aliyekufa ili watu wafurahi. Tafuteni Bi Shirini wenu, mshikieni vitambaa. Mengine kompyuta itawafanyia.

Na kwa wanaotaka kujua habari za Elinami, nawaambia mapema msinisubirie: aliishi miaka sita zaidi, alizikwa Suji kando ya baba yake, na alipokata roho mama yake alikuwa amemshika mkono.

Jumamosi ya nne nilikuwa naandika ubao, kwa kuwa mkanda mwingine wa Kidevu ulikuwa umefika. Nikasikia mtu anakohoa nyuma yangu. Kugeuka, namwona Elinami na mkungu wa ndizi begani, mdogo, wa kumpa mgonjwa abebe ajione mtu. Mbele yake Mama Nakiete, ambaye siku ile alikuwa amempitia stesheni na kupanda naye Suji. Nikasema shikamoo mama, akasema marahaba, na kwamba mkungu ule ameniletea mimi. Nikamwomba anisamehe kwa siku ile, kwamba nilimuua Kidevu wake mbele ya macho yake na sheria nilikuwa naijua.

Alinitazama kama anayenionea huruma, kisha akaonyesha ubao kwa kidevu chake.

"Kidevu si huyo hapo, leo saa sita? Na mwezi ujao utamleta tena. Mzee Sefu alipokuwa akizima televisheni sisi tulijua, Mwanaidi. Steringi hafi. Huyu wangu ndiye hana mkanda mwingine."

Kisha akauliza kama benchi la mbele limekwisha tengenezwa. Nikamwambia limetengenezwa. Akamtanguliza Elinami, wakaingia, wakakaa.